Habari za Vijiji Vipya: Je, Vyaweza Kusimama?

Neno tunalotaka kulichungua katika habari hii ni neno linalosemwa sana katika nchi yetu ya Kibosho, barazani na njiani baada ya Misa. Vihamba vimekwisha. Babu aligawa kihamba chake kwa wanawe, na hao wana wakawagawia wana wao, hata mjukuu hana tena ila migomba michache na mahali pa kusimamisha nyumba. Kwa hiyo vijana husema: "Twendeni tukatafute nchi ya mbali, tukajenge kijiji kipya. Huko tutakaa kama ndugu. Shamba litakuwa moja na ghala moja, wala hapatakuwa na ugomvi wa mipaka, wala ulevi, wala wivu." Wazee wakisikia hivyo, wengine husifu, wengine hucheka. Nasi twaona haifai kusifu wala kucheka kabla ya kuuliza: Je, wako watu waliokwisha kulijaribu jambo hili? Mambo yao yaliishaje? Maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, bali aliyekilalia aweza kutuambia.

Wazo lenyewe ni la kale

Wazo hili halikuzaliwa jana. Twasoma katika Matendo ya Mitume ya kuwa waamini wa kwanza wa Yerusalemu walikuwa na vitu vyote shirika. Wenye mashamba waliyauza, wakaleta thamani yake miguuni pa Mitume, na kila mtu akagawiwa kadiri ya haja yake. Watu wengi hukumbuka sehemu hiyo, lakini husahau mambo mawili yaliyofuata. La kwanza ni habari ya Anania na Safira. Mtume Petro hakumlaumu Anania kwa kuwa hakutoa mali yake yote. Alimlaumu kwa uongo, akamkumbusha ya kuwa shamba lile lilikuwa lake mwenyewe, na hata fedha yake ilikuwa katika uwezo wake. Maana yake, katika shirika lile hapakuwa na mtu aliyeshurutishwa. La pili ni kwamba baadaye Mtume Paulo alizunguka katika makanisa ya Wayunani akikusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Basi hata watakatifu wale hawakuokoka na njaa.

Baada ya miaka mingi, mwaka 1516, Thomas More wa Uingereza alitunga kitabu kwa Kilatini juu ya kisiwa ambacho watu wake hawana mali ya mtu mmoja mmoja, na wote hufanya kazi, na dhahabu huhesabiwa kuwa si kitu. Kisiwa kile alikiita kwa jina alilolitunga kwa maneno ya Kiyunani, na maana yake ni mahali pasipokuwapo. More alikuwa mtu mwenye akili sana, naye alijua alilolifanya alipochagua jina hilo. Mwaka 1535 aliuawa kwa sababu alikataa kuikana imani yake, na mwaka 1935 Baba Mtakatifu Pius XI alimwandika katika hesabu ya watakatifu. Lakini wengi waliosoma kitabu chake, au vitabu vilivyofuata mfano wake, hawakuliangalia lile jina. Walifunga mizigo yao, wakaenda kukitafuta kisiwa.

Wazungu waliokwama Lamu

Wengine katika hao walifika katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1890 Theodor Hertzka, mwandishi wa magazeti na mjuzi wa mambo ya uchumi katika mji wa Vienna, alitoa kitabu kiitwacho Freiland, yaani Nchi Huru. Alieleza nchi mpya itakayojengwa karibu na mlima Kenya. Katika nchi hiyo hakuna mtu atakayemiliki ardhi. Kila mtu aweza kuingia katika chama cha kazi akipendacho, na faida itagawanywa kwa kadiri ya saa alizofanya kazi. Mwenye kutaka fedha ya kuanzia kazi atakopeshwa bila riba, na wazee na watoto watatunzwa kwa mali ya wote. Kitabu kilisomwa sana, kikatafsiriwa katika lugha nyingine, na vyama vya watu walioamini habari zake vikaanzishwa katika miji mingi ya Ulaya.

Mwaka 1894 kikosi kidogo cha watangulizi kiliwasili Lamu, nao walitoka katika nchi mbalimbali za Ulaya. Shauri lao lilikuwa kupanda kwa mto Tana mpaka karibu na mlima Kenya, wakaanze ile nchi yao. Hawakufika. Hata pwani hawakuiacha mbali. Nchi ya nyuma ya Lamu ilikuwa haijatulia baada ya vita vya Witu, njia hawakuijua, na wakubwa wa Kiingereza waliwatazama kwa mashaka. Lakini lililowavunja zaidi lilikuwa lao wenyewe. Walipokaa Lamu wakingoja, walianza kugombana juu ya nani wa kuamuru na nani wa kutii, na kabla mwaka haujaisha msafara wote ulikuwa umetawanyika. Mtu mwingine wa Vienna, Theodor Herzl, ambaye naye alikuwa akitafakari kuwajengea Wayahudi nchi yao, alikitaja kitabu cha Hertzka mwaka 1896, akakiona kuwa ni kama mashine iliyoundwa kwa ufundi, ambayo hakuna aonaye namna itakavyoanza kuzunguka.

Sisi watu wa mlimani twaona kosa jingine ambalo hao wa Vienna hawakuliona. Katika kitabu, nchi ya mlima Kenya ilikuwa kama chombo kitupu kinachongoja kutiwa maji. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, na mashamba yao, na mifugo yao, na mapatano yao juu ya maji na malisho. Aliyeandika kwamba ardhi haitakuwa ya mtu yeyote hakuanza kwa kuwauliza waliokuwa wakiilima.

Vijiji vya waliokombolewa

Sasa tuyaache ya Lamu, maana wale hawakujenga hata nyumba moja ya kijiji chao. Tutazame wale waliojenga kwa kweli. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni Bagamoyo, na Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Zamani hizo biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto, na Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia itokayo bara. Mapadre waliwakomboa watoto kwa fedha katika soko la Unguja. Na baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, walipokea wengine walionyang'anywa majahazini na merikebu za Waingereza. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kulima, useremala na kazi nyingine za mikono. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka kazini, kengele iliwaita kusali. Sehemu kubwa ya juma walifanya kazi za misioni, na siku iliyobaki ilikuwa ya mashamba yao.

Shauri la mapadre lilikuwa kubwa. Walitumaini ya kuwa vijiji hivi vitakuwa mbegu ya nchi mpya ya Kikristo. Watu wa jirani wataona amani yake nao watavutwa. Taabu hazikuwavunja moyo. Kipindupindu kiliua watu wengi mwaka 1869 na 1870, na mwaka 1872 tufani ikabomoa karibu majengo yote, lakini walijenga tena. Kisha jamaa za Wakristo zikatumwa bara kuanzisha vijiji vipya, Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Hali kadhalika wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walijenga Freretown mwaka 1875 huko Kisauni, mbele ya Mombasa, wakakaa humo watumwa waliowekwa huru pamoja na Waafrika waliosomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Kengele yao ingali ipo, na mahali pale watu hupaita Kengeleni hata leo.

Je, vijiji hivyo vilisimama? Hapana budi kujibu kwa kupambanua. Kama twauliza habari za mtoto aliyenyakuliwa kwao, asiyejua tena jina la ukoo wake, jibu ni ndiyo. Alipata jina, nyumba, mke, kazi na kaburi la heshima. Asingeyapata hayo mahali pengine pwani kote. Na ilipotokea vita ya Abushiri na Wadachi, mwaka 1888 na 1889, maelfu ya watu, hata wasio Wakristo, walikimbilia misioni ya Bagamoyo wakapona. Lakini kama twauliza habari za ile nchi mpya iliyotumainiwa, jibu ni hapana. Watu wa jirani hawakuvutwa kwa wingi. Waliviona vijiji vile kuwa ni miji ya wageni chini ya bwana mgeni. Na wakaaji wenyewe, ijapokuwa walikuwa huru, ardhi haikuwa yao, wala sheria hawakuitunga wao. Mtu mzima mwenye watoto aliamriwa kama mwanafunzi. Huko Freretown mambo yalizidi kuwa mabaya. Mwaka 1881 malalamiko ya viboko vikali yalifika mpaka kwa balozi wa Kiingereza Unguja, na mkubwa wa kijiji akaondolewa. Watu waliokimbia kiboko cha utumwa walikikuta kiboko mahali pa uhuru.

Lakini jaribu gumu kuliko yote lilikuwa la kizazi cha pili. Baba aliyekombolewa alijua alikotoka, kwa hiyo alivumilia kengele. Mwana aliyezaliwa kijijini hakuujua utumwa. Aliijua kengele tu. Aliona taa za mji wa Bagamoyo, akasikia habari za misafara na ujira wake, akaenda zake. Jambo hili tuliangalie sana, maana lina habari kwa kila mwenye kutaka kujenga kijiji kipya. Wanaoanza huanza kwa hiari yao. Watoto wao hawakuulizwa.

Wako watu wanaokaa shirika miaka mingi bila kutawanyika, nao ni watawa. Wabenedikto walijenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na nyumba hizo zimedumu. Lakini tuangalie wanavyofanya. Hakuna azaliwaye mtawa. Kila mmoja huja mwenyewe, hujaribiwa muda mrefu kabla ya kupokelewa, na aliyeona hawezi hurudi kwao bila kosa. Kanuni imeandikwa, na abati huchaguliwa na ndugu zake. Mambo hayo ni ya watu wasiooa. Kijiji chenye akina mama na watoto wachanga hakiwezi kuongozwa kama nyumba ya watawa, na hapo ndipo wengi walipopotea, wakidhani ya kuwa lifaalo kwa ndugu ishirini waliokwisha kuapa litafaa kwa jamaa mia mbili.

Tusidhani kwamba Wazungu peke yao walijaribu. Karibu na mwaka 1879, katika nchi ya Wagiriama, Mkristo mmoja wa kabila hilo aitwaye David Koi aliongoza kijiji cha Fuladoyo. Humo walikimbilia watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakalima na kusali bila mmisionari kukaa nao. Kijiji kilijaa watu upesi. Kilichowakera maadui zake si umaskini wake, bali kusitawi kwake, kwa maana kila mtumwa aliyesikia habari zake alitamani kukimbia. Mwaka 1883 Koi alikamatwa akauawa. Basi tujue ya kuwa kijiji kipya chaweza kuanguka kwa sababu ya ubaya wake, na chaweza kupigwa kwa sababu ya wema wake.

Litowa, na amri ya mwaka 1973

Karibu na wakati wa uhuru wa nchi yetu wazo hili liliamka tena kwa nguvu. Mwaka 1960 vijana wa TANU, na kiongozi wao Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji Litowa katika nchi ya Songea. Mara ya kwanza njaa iliwashinda wakatawanyika. Mwaka uliofuata wakarudi kuanza upya. Walijifunza kwa taabu ile kwamba chakula hutangulia maneno. Walilima pamoja, wakaamua mambo yao katika mkutano wa wote, wakajenga shule ambayo watoto walijifunza kitabu na jembe. Vijiji vingine vikawafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikapata mashine ya kusaga nafaka na ya kupasua mbao. Mwalimu Julius Nyerere alivipenda vijiji hivyo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, mfano wa Ruvuma ulikuwa mbele ya macho yake. Naye alisisitiza kwamba mtu hawezi kusukumwa kuingia katika ujamaa.

Lakini mwezi wa Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile cha Ruvuma, na mali yake ikachukuliwa. Wakubwa wa mkoa na wa chama hawakupendezwa na watu waliojiamulia mambo bila kungoja amri. Kisha tarehe 6 Novemba mwaka 1973 ikatolewa amri ya kuwa kukaa vijijini ni lazima kwa wote. Katika miaka mitatu mamilioni ya watu walihamishwa. Mahali pengine nyumba zao za zamani zilichomwa ili wasirudi. Pengine waliwekwa kando ya barabara, mbali na mashamba yenye rutuba na mbali na maji. Kwa kuwa na mvua nazo zilikosekana miaka ya 1973 mpaka 1975, Serikali ililazimika kununua chakula kingi kutoka nje.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Watu walipokaribiana, shule na zahanati ziliwafikia wengi wasiozijua zamani, na watoto maelfu kwa maelfu walijifunza kusoma. Hilo si jambo dogo. Walakini shamba la shirika, ambalo lilikuwa moyo wa shauri zima, lilikufa karibu kila mahali. Mtu alilima la wote kwa mkono mmoja, na lake kwa mikono miwili. Twaona hapa tofauti iliyo wazi. Litowa walikuja kwa miguu yao. Wengine waliletwa kwa lori. Litowa waliamua wenyewe, wengine waliamuliwa. Jina lilikuwa moja, lakini kitu hakikuwa kimoja.

Mambo ya mlimani kwetu

Huenda mtu atasema: "Sisi Wachaga hatukuhamishwa, kwa hiyo habari hizi si zetu." Sivyo. Mlima huu una habari zake za shirika, na ni za kale kuliko vitabu vya Vienna. Tutazame mfongo. Wazee wetu walichimba mifereji kutoka mitoni juu karibu na msitu, wakayaongoza maji katika miteremko na kuyapitisha makorongo, hata yakafika kihamba cha mwisho. Mfongo ulikuwa mali ya ukoo ulioanza kuuchimba, nao ulikuwa na mkubwa wake. Maji yaligawanywa kwa zamu. Mfongo ulipobomoka, watu waliitwa. Asiyekuja alitozwa pombe au mbuzi, au alikosa zamu yake ya maji. Hakuna aliyeapa kuwapenda jirani zake wote. Kila mtu alikuwa na kihamba chake, na migomba yake, na makaburi ya baba zake. Lakini maji hayakuweza kuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo katika maji walikuwa ndugu. Walishirikiana katika lile lililowashinda mmoja mmoja, na mengine wakamwachia kila mtu nyumbani kwake.

Tusiyapambe ya kale kuliko yalivyokuwa. Nchi ile ile ya mifongo ilikuwa nchi ya vita. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi walipigana miaka mingi, watu wakatekwa na ng'ombe wakaporwa, mpaka Sina mwenyewe aliposhindwa na Wadachi wa Wissmann mwezi wa Februari mwaka 1891. Wala binti hakurithi kihamba. Kila mji wa wanadamu una watu unaowasahau nje ya mlango.

Mapadre walipofika Kilema mwaka 1890, na kwetu Kibosho mwaka 1893, walikuwa wametoka Bagamoyo na wameyaona ya Bagamoyo. Hapa hawakukuta watu waliopotelewa na koo zao. Walikuta watu wenye vihamba, wasiotaka kuhamia penginepo. Basi Ukristo wa mlimani haukujenga vijiji vya kengele. Ulipita kihamba kwa kihamba. Shule zikaenea mitaani, watoto wakajifunza mchana na jioni wakarudi kwa mama zao kulala. Wakristo waliokombolewa Bagamoyo walikuwapo pamoja na mapadre katika kazi hiyo ya kwanza, wakafundisha dini na kazi za mikono. Kwa hiyo kijiji cha Bagamoyo, kilichoshindwa kuwa nchi mpya, kilitoa mikono iliyosaidia kupanda Imani mlimani. Mkulima hawezi kuijua njia ya kila mbegu.

Tena tuangalie kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na Joseph Merinyo akawa kiongozi; mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Nacho hakikumtaka mtu auze kihamba. Kilimtaka alete kahawa yake, ipimwe, iuzwe pamoja na ya wengine kwa bei iliyo bora. Kilisitawi, kikasomesha watoto wengi. Lakini kumbuka ya mwaka 1937. Bei ilipoanguka, na watu wakaona kwamba sheria inawashurutisha kuuza kwa chama tu, ghadhabu iliwaka, na ghala za vyama zikavamiwa katika baadhi ya nchi za mlimani. Tena mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, ikadhani mashirika yake yatafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hayakufanya. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mwalimu mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba kuvivunja kulikuwa kosa. Watawala wachache husema neno kama hilo.

Tujifunze nini?

Twakusanya sasa yale tuliyoyaona, ili wenye shauri la kwenda wayapime.

Kwanza, hiari. Shirika la Yerusalemu, Litowa na Fuladoyo yalianza kwa watu waliojitoa. Penye lazima, kazi ilikufa hata kama watu walibaki. Na hiari isiyo na mlango wa kutokea si hiari.

Pili, chakula na ardhi. Anayekwenda kujenga lazima ajue udongo wa huko, na mvua yake, na wenyeji wake. Hakuna nchi tupu. Kabla ya kupima viwanja, wapelekwe wazee wakazungumze na wenyeji, wakapatane wazi na kwa maandishi.

Tatu, wenye kukaa ndio waamue. Kijiji kinachotunzwa daima na bwana mwema kitaanguka siku bwana huyo akiondoka. Huko Paraguay Mapadre Wajesuiti walijenga miji ya Waguarani tangu mwaka 1609, ikasitawi hata ikawa na watu zaidi ya laki moja. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania aliwafukuza mapadre, na miji ile ikadhoofika, kwa kuwa uongozi wake ulikuwa umeegemea wageni.

Nne, kisichukuliwe kila kitu kuwa cha wote. Wazee wetu walishirikiana maji, si vyungu. Kila jamaa iwe na nyumba yake na shamba lake. Yaliyo shirika yawe yale yasiyowezekana kwa mtu mmoja, kama maji, njia, shule, soko na msaada wa wagonjwa.

Tano, watoto. Msijenge kijiji kinachowafaa walioanza peke yao. Ulizeni: mwana wetu aliyezaliwa hapa, asiyejua taabu iliyotuleta, atapenda kukaa? Binti yetu atapata sehemu? Kama jibu ni hapana, kijiji kina umri wa mtu mmoja tu.

Je, basi, vijiji vipya vyaweza kusimama? Twajibu: vyaweza, kama wanaovijenga hawadai kujenga mbingu. Wale wa Lamu walitaka watu wapya siku moja, wakashindwa kukaa pamoja hata mwaka mmoja. Wachimbaji wa mfongo walijua kwamba jirani ni mchoyo, mvivu, na tena mwenye wivu. Kwa hiyo waliweka zamu, na faini, na mkubwa wa maji, na maji yakafika. Mkristo ajuaye habari ya dhambi ya asili hana sababu ya kusahau jambo hilo. Kuhama kutoka Kibosho hakumgeuzi mtu. Wivu hupanda gari pamoja na mizigo, na atakayefika huko ndiye yule yule aliyegombana hapa juu ya mpaka wa migomba miwili.

Lakini tusiwacheke vijana. Kihamba kisipotosha, kukaa tu si hekima. Mababu wa mababu zetu nao walihama, kila ukoo kwa wakati wake, wakapanda mlima huu uliokuwa msitu, wakaufanya shamba. Waende, ila waende wachache kwanza, wakalime msimu mmoja au miwili kabla ya kupeleka watoto. Wakubaliane sheria chache wanazoweza kuzishika. Wachague mkubwa wanayeweza kumwondoa. Nasi tuliobaki tusiwafungie njia ya kurudi, wala tusimcheke atakayerudi. Litowa walishindwa mwaka wa kwanza wakarudi mwaka wa pili, na hao ndio waliojenga.